Gari Linaloshika Breki Lenyewe: Mwongozo kwa Mnunuzi na Mmiliki wa Mwanza

Gari la Japani lililotengenezwa kuanzia mwaka 2015 linaweza kufika Mwanza likiwa na kamera nyuma ya kioo cha mbele, rada nyuma ya nembo, na kompyuta iliyopewa mamlaka ya kushika breki au kuvuta usukani bila kumwuliza dereva. Mnunuzi hulipia vyote hivyo ndani ya bei ya gari hata kama hakuviulizia, na dalali naye huvijumlisha kwa sifa moja ya kuvutia, kwamba gari "linajiendesha". Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvikagua vifaa hivyo kabla fedha haijatoka mkononi, namna ya kuvitumia kwenye barabara zetu za mjini na za kando ya ziwa, namna ya kuvilinda dhidi ya wezi ambao siku hizi hupitia kwenye waya, na namna ya kujipanga kwa ajili ya vipuri vyake, ambavyo ni adimu na ghali. Sina ugomvi na vifaa hivi, kwa kuwa vinaokoa watu. Hata hivyo vilifunzwa kwenye barabara za kwingine, na mwenye gari asiyejua uwezo wake unaishia wapi ni afadhali avizime.

Jua kwanza gari lako liko daraja gani

Chama cha wahandisi cha SAE, kupitia kiwango chake kiitwacho J3016 kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2014, kimeyagawa magari katika madaraja sita, kuanzia 0 hadi 5. Gari linalotoa onyo na kushika breki ya dharura tu, bila kufanya lingine, bado liko daraja la 0, jambo ambalo huwashangaza wengi waliokwisha kuuziwa kwa bei ya "gari la kisasa". Daraja la 1 hutawala ama mwendo ama usukani. Daraja la 2 hutawala vyote viwili kwa pamoja, lakini dereva anatakiwa kuangalia barabara muda wote na lawama yote ni yake. Ni katika daraja la 3 ndipo gari huendesha lenyewe katika mazingira maalumu na kumwita dereva linaposhindwa, na gari la kwanza la aina hiyo kuuzwa Japani, Honda Legend, lilitoka Machi 2021 kwa idadi ndogo. Daraja la 4 ni teksi zisizo na dereva kama zile za Waymo, zilizofunguliwa kwa umma huko Phoenix mwezi Oktoba 2020 ndani ya eneo lililopimwa na kuchorwa barabara kwa barabara. Kwa hiyo gari utakaloonyeshwa Igoma au Buzuruga ni la daraja la 0, la 1 au, likizidi sana, la 2, na maneno mengine yote ni ya biashara.

Baada ya daraja, uliza kizazi cha mfumo, kwa sababu jina moja hubeba uwezo tofauti. Chukua mfumo wa Toyota Safety Sense, unaoonekana zaidi kwenye magari yanayoingia nchini. Matoleo ya mwanzo yaliyofungwa kwenye magari madogo kama Vitz na Corolla Axio yalitambua magari tu, wala hayakushika breki kwa ajili ya mtu anayetembea. Kizazi cha pili, kilichoanza mwaka 2018, kiliongeza watembea kwa miguu wakati wa usiku na waendesha baiskeli wakati wa mchana. Pikipiki zilikuja kutajwa rasmi katika kizazi kilichotoka na Noah na Voxy mpya za mwaka 2022. Msomaji wa Mwanza asome sentensi hiyo mara mbili: gari lililotengenezwa mwaka 2017 halijaahidi popote kwamba litaiona bodaboda inayokatiza mbele yako pale Mabatini. Likiiona, shukuru.

Umuhimu wa jambo hili ulidhihirika usiku wa tarehe 18 Machi 2018 huko Tempe, Arizona, ambako gari la majaribio la kampuni ya Uber lilimgonga na kumwua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku anasukuma baiskeli. Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani iligundua kwamba mfumo ulimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga, ila ulikuwa ukibadili mawazo, mara kitu kisichojulikana, mara gari, mara baiskeli, kwa kuwa haukuwa umeandaliwa kumtarajia mtu anayevuka nje ya kivuko. Breki ya dharura iliyowekwa na kiwanda cha Volvo ilikuwa imezimwa wakati kompyuta ya Uber inaendesha, na msimamizi aliyekuwa kitini alikuwa akitazama simu. Sasa fikiria Makoroboi saa kumi na moja jioni, au njia ya kuingia Mwaloni Kirumba wakati magunia ya dagaa yanashushwa: kila mtu anavuka nje ya kivuko, na nusu yao wanasukuma kitu.

Kanda ya Ziwa, kwa bahati, ina kumbukumbu yake ya chombo kilichojiendesha kweli. Mwaka 2018 DHL, Wingcopter na shirika la Ujerumani la GIZ walitangaza matokeo ya majaribio ya miezi sita ya ndege isiyo na rubani, iliyopeleka dawa kutoka bara hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40, safari ambayo kwa barabara hufikia kilomita 240 na saa sita. Chombo kile kilifaulu pamoja na mambo mengine kwa sababu angani juu ya ziwa hakuna machinga, ng'ombe wala daladala inayosimama ghafla kumchukua abiria.

Kabla ya kulipa

Anza na karatasi ya mnada wa Japani, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari lilipouzwa mnadani huko, na udai picha yake halisi badala ya tafsiri iliyochapwa na muuzaji. Daraja la ubora lililoandikwa humo R au RA lina maana kwamba gari limewahi kugongwa na kutengenezwa katika sehemu ya fremu. Kwenye mchoro wa gari, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, na XX ni sehemu iliyobadilishwa. Alama hizo zikiwa kwenye boneti au madigadi ya mbele, usiishie kuuliza kama rangi inafanana. Uliza kama rada na kamera zilipangwa upya baada ya matengenezo. Rada iliyopinda kwa nyuzi chache huendelea kuwaka kana kwamba ni nzima, ila inaangalia njia ya jirani.

Likiwa mbele yako, washa umeme wa gari bila kuwasha injini na utazame dashibodi. Taa zote za tahadhari, ikiwamo ile ya mfumo wa kuzuia kugonga, zinapaswa kuwaka kwa sekunde chache. Ukiwasha injini zizimike. Taa isiyozimika ni tatizo linalojulikana. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya zaidi, kwa sababu huenda kuna mtu aliyeificha. Njoo na fundi mwenye mashine ya kusomea gari, na umwambie asisome injini peke yake bali afungue pia kompyuta za kamera ya mbele, rada, breki na usukani, kisha upige picha orodha ya makosa kabla hajaifuta.

Kioo cha mbele kinahitaji jicho la pekee. Tazama kama nembo ya mtengenezaji wa kioo inafanana na iliyo kwenye vioo vya milangoni, kwa kuwa ikiwa tofauti huenda kioo kimebadilishwa. Tazama pia kama dirisha dogo lililo mbele ya kamera ni safi, bila ufa, bila tinti na bila stika ya aina yoyote. Kwa magari ya Subaru yenye EyeSight, ambayo huona kwa kamera mbili zilizo pamoja kama macho ya mtu, kioo kisicho cha asili ni sababu tosha ya kushusha bei au kuliacha gari.

Kisha nenda kwenye bampa. Ngao ya chuma iliyofungwa mbele, nembo ya bandia iliyonunuliwa dukani, na rangi nene iliyopakwa juu ya gamu ya kusawazishia bodi, vyote huzuia mawimbi ya rada. Kibao chetu cha namba, ambacho ni kirefu kuliko cha Kijapani, nacho kifungwe mahali ambapo hakifuniki sensa (kihisi) yoyote. Ukubwa wa matairi uwe ule ulioandikwa kwenye mlango wa dereva. Waliolinyanyua gari kwa springi ili lipite barabara za Kishiri au Sangabuye wamenyanyua na macho yake pia, kwa hiyo wadai ushahidi kwamba kamera ilipangwa upya.

Usisahau kuhesabu funguo, kwa sababu ambayo nitaieleza kwenye vipuri.

Usijaribu breki ya dharura kwa kuliendesha gari kuelekea ukutani au kwa mtu aliyesimama, hata kama dalali mwenyewe anajitolea kusimama. Vitabu vya watengenezaji vinakataza jambo hilo waziwazi. Jaribio salama ni la mistari: tafuta barabara tulivu yenye mistari inayosomeka, uende kwa mwendo ambao mfumo unaruhusu, na utazame kama picha ya mistari inatokea kwenye dashibodi ikiwa pande zote mbili. Ikionekana upande mmoja tu kila mara, kamera ina kasoro.

Barabarani

Mfumo wa kushika njia huishi kwa mistari, na mistari ya mjini kwetu hufutika, hufunikwa na mchanga unaoteremka milimani kila mvua inaponyesha, au haikuwahi kuchorwa. Kwa hiyo ushauri wangu kwa matumizi ya ndani ya jiji ni kuuzima, huku breki ya dharura ikiachwa inafanya kazi. Kwenye barabara mpya, kama ile ya kuvuka Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililozinduliwa tarehe 19 Juni 2025, mistari ni dhahiri na mfumo hutulia kiasi kwamba dereva hushawishika kuachia usukani. Hapo ndipo pa kuwa macho zaidi, kwa sababu kilomita chache mbele mistari hiyo haitakuwapo na usukani utarudishwa kwako bila sherehe.

Breki ya dharura nayo ina tabia ya kuogopa. Bodaboda inapokatiza karibu, gari linaweza kushika breki kwa nguvu, na daladala iliyokuwa imekugandia nyuma haina mfumo wowote wa kuisaidia kusimama. Ingia kwenye menyu na uweke unyeti wa onyo kwenye ngazi ya karibu wakati wa kuendesha mjini, kisha uirudishe ya kati ukitoka nje ya mji. Menyu ikiwa ya Kijapani, tumia programu ya simu inayotafsiri maandishi kwa kamera, na ubandike karatasi ndogo yenye maelezo kwenye kava la kitabu cha gari ili na dereva wako ajue.

Kwenye barabara kuu hatari iko kwenye kruzi, yaani mfumo wa kushikilia mwendo, ile inayofuata gari la mbele. Rada ya mfumo huo ni hodari wa kufuata kitu kinachotembea, lakini vitabu vingi vya watengenezaji vinaonya kwamba huenda isishike breki kwa gari lililokwisha kusimama. Anayejua barabara ya Shinyanga usiku anajua maana yake: lori limekatika ekseli, halina taa, na ishara pekee ni matawi ya miti yaliyotupwa juu ya lami mita chache nyuma yake. Dereva wa Kitanzania akiyaona majani barabarani hupunguza mwendo kabla hajafikiri. Kamera haijafunzwa hivyo, kwani kwake majani ni majani. Vivyo hivyo mkono wa askari wa usalama barabarani, dereva wa mbele anayewasha taa kukuonya, na mtoto wa mchungaji aliyesimama ukingoni, ambaye kwa kawaida maana yake ni kwamba ng'ombe wanakuja nyuma yake. Kwa hiyo kruzi itumike mchana, hali ya hewa ikiwa safi na nafasi ya kufuata ikiwa ndefu kuliko zote. Usiku izimwe. Mvua kubwa izimwe. Ukikaribia mji wowote wenye matuta izimwe, kwa sababu tuta halimo katika hesabu zake.

Ziwa lenyewe lina mambo yake. Jioni, ukiingia mjini kutoka Igoma au Kisesa, jua linakuwa mbele yako chini, na kamera hupofuka kama jicho linavyopofuka. Mfumo unaweza kujizima na kuandika ujumbe, nao haujaharibika. Gari lililoanikwa juani mchana kutwa huweza kutoa ujumbe kama huo kwa sababu kamera imepata joto kupita kiasi, na hurudi yenyewe baada ya kiyoyozi kupoza kioo. Wadudu wa ziwani wanapotoka kwa makundi, hasa ukiwa barabara za kando ya maji usiku, hugandia kioo na nembo ya mbele kwa wingi wa kutosha kuziba kamera na rada pamoja. Beba kitambaa laini na maji safi, ufute kioo mbele ya kamera kabla ya nembo. Waoshaji wa magari waambiwe wasielekeze maji ya presha kwenye nembo, sensa za bampa na kamera ya nyuma.

Ukivuka kwa kivuko cha Kamanga, zima mfumo wa kuzuia kugonga pamoja na ule unaoshika breki wenyewe wakati wa kuegesha kabla ya kupanda. Gari linaloona bamba la chuma likiinuka mbele yake huweza kudhani ni ukuta na kusimama ghafla katikati ya daraja la kupandia, huku nyuma yako kuna Fuso. Agizo hilo hilo linahusu kuvutwa, kupakiwa juu ya lori na kuingizwa kwenye mashine ya kuoshea. Mifumo mingi huwaka upya kila gari linapowashwa, kwa hiyo kuzima jana hakukusaidii leo.

Na anayepakia magunia nyuma ya gari mpaka pua inanyanyuka ajue kwamba siku hiyo kamera inaangalia mbinguni kidogo. Asiitegemee.

Wezi wa waya

Mwaka 2015 watafiti wawili wa Marekani, Charlie Miller na Chris Valasek, walionyesha kwamba waliweza kuingia ndani ya Jeep Cherokee kupitia mtandao wa simu, wakiwa mbali, na kugusa breki na injini. Magari milioni 1.4 yaliitwa kurekebishwa. Tangu hapo kumekuwa na kanuni, hasa Kanuni namba 155 ya Umoja wa Mataifa iliyoanza kutumika Januari 2021, inayomtaka mtengenezaji athibitishe namna anavyolinda programu za gari lake. Magari mengi yaliyoko Mwanza yalitengenezwa kabla ya hapo. Hata hivyo sioni sababu ya kukosa usingizi kwa hilo, kwa kuwa huduma za mtandao za gari la Kijapani hazifanyi kazi hapa, na mlango ule aliouacha mtengenezaji kwa kawaida umejifunga wenyewe. Milango inayotutesa ni tunayoifungua sisi.

Wa kwanza ni kifaa cha kufuatilia gari. Karibu kila mwenye gari la biashara anacho, na vingi hufungwa pamoja na uwezo wa kuzima injini kwa ujumbe wa simu. Mwaka 2019 iliripotiwa kwamba mdukuzi mmoja aliingia katika maelfu ya akaunti za programu za iTrack na ProTrack kwa sababu tu wateja walikuwa wameachiwa neno la siri la kiwandani, 123456, na akadai anaweza kuzima baadhi ya magari hayo. Mwaka 2022 serikali ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu kifaa cha MiCODUS MV720, ambacho kilikuwa na neno la siri lililopachikwa ndani ya programu yenyewe. Kabla fundi hajaondoka, mwambie abadili mbele yako neno la siri la programu na lile la kifaa linalotumika kwenye ujumbe mfupi, asajili namba yako pekee kuwa yenye mamlaka, na aifunge nyaya ya kuzimia ili ikate uwashaji wa injini badala ya kukata mafuta gari likiwa mwendoni. Muulize pia anayehifadhi taarifa za safari zako anazihifadhi wapi na kwa muda gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakupa haki ya kuuliza.

Wa pili ni redio ya Android inayobadilishwa kwa sababu redio ya Kijapani haishiki stesheni zetu nyingi. Ni hitaji la kweli, lakini ufungaji wake mara nyingi huunganisha redio hiyo na nyaya ambazo kompyuta za gari huongelea, mfumo uitwao CAN uliobuniwa na Bosch miaka ya 1980, ambao haukuwekewa njia ya kumtambua anayetuma ujumbe. Chochote kilichounganishwa humo husikilizwa. Fundi atumie soketi inayoingia bila kukata waya, na programu zisipakuliwe kwenye redio hiyo hovyo. Kifaa kidogo cha kusomea makosa kinachoachwa kimechomekwa chini ya usukani nacho kichomolewe kila baada ya kazi.

Udhaifu huo wa CAN ndio uliotumika katika wizi wa Toyota RAV4 ya mtaalamu mmoja wa usalama wa kompyuta huko London mwaka 2022: wezi walilegeza bampa, wakafikia nyaya za taa ya mbele, wakaunganisha kifaa kinachodai kuwa ufunguo halali umo ndani, na gari likawaka. Kwa hiyo ukikuta bampa au taa imelegezwa asubuhi, usidhani ni mwizi wa taa aliyekimbizwa na mbwa. Peleka gari likaguliwe, na usiku unaofuata lisilale mahali palepale. Chuma cha kufunga usukani, kitu cha zamani na cha bei ndogo, bado kinamchelewesha mwizi wa namna hii kuliko king'ora.

Ufunguo wa kielektroniki huibwa mawimbi yake ukiwa sebuleni. Weka mbali na mlango, ndani ya kopo la bati lenye mfuniko, au uuzime: kwa funguo nyingi za Toyota, bonyeza na kushikilia kitufe cha kufunga huku ukibonyeza cha kufungua mara mbili, na taa yake itamemeta mara nne. Saiti mira na taa chongea namba ya gari kama ilivyo desturi, kwani siku hizi hubeba kamera na sensa ndani yake na bei yake imepanda ipasavyo. Ila kwenye kioo cha mbele, kalamu ya kuchongea isikaribie dirisha la kamera.

Vipuri

Kila sensa ya gari la namna hii ina chipu, na chipu zina historia ya kukosekana. Mwaka 2020 watengenezaji wa magari walipunguza oda, viwanda vya chipu vikahamia kwa watengenezaji wa simu na kompyuta, na soko lilipofufuka nafasi haikuwapo. Tarehe 19 Machi 2021 kiwanda cha chipu cha Renesas huko Naka, Japani, kikaungua, na Septemba mwaka huo Toyota ikapunguza uzalishaji wake duniani kwa takriban asilimia 40. Oktoba 2022 Toyota ilitangaza kwamba wateja wa baadhi ya magari nchini Japani watapewa kwa muda ufunguo mmoja wa kielektroniki na mmoja wa kawaida wa chuma. Hiyo ndiyo sababu ya kuhesabu funguo: gari la kipindi hicho linaweza kufika na ufunguo janja mmoja tu, na huo mmoja ukizama ziwani, hesabu yako itakuwa ndefu. Misukosuko haijaisha. Aprili 2025 China iliweka masharti ya kusafirisha baadhi ya madini adimu yanayotumika kwenye sumaku za mota, zikiwamo za usukani wa umeme, na Oktoba mwaka huo mgogoro wa kampuni ya chipu ya Nexperia ulisimamisha baadhi ya viwanda vya magari.

Kwa mmiliki wa Mwanza, maana yake ni kujiandaa kabla ya ajali. Gari likiwa zima, piga picha lebo ya kamera, rada na kila sensa unayoweza kuifikia, kwa kuwa namba ya kipuri ndiyo lugha pekee ambayo muuzaji wa Dar es Salaam, Dubai au Nagoya ataielewa bila mabishano. Gari lile lile, mwaka ule ule, huweza kuwa na rada mbili tofauti. Kipuri cha mtumba kinunuliwe kwa namba iliyofanana mpaka herufi ya mwisho, na kwa makubaliano kwamba kitarudishwa kisipokubali kusajiliwa kwenye gari lako. Kioo cha mbele kiagizwe kwa kutaja kwamba gari lina kamera, la sivyo utaletewa cha gari la daraja la chini ambalo halina kishikizo cha kamera.

Baada ya kubadili kioo, bampa, rada, au baada ya kazi kubwa ya shokapu na usukani, kamera na rada lazima zipangwe upya, kazi ambayo mafundi huiita kalibresheni. Japani yenyewe, tangu Aprili 2020, inataka gereji zinazofanya kazi hiyo ziwe na kibali maalumu. Sisi hatuna budi kuuliza kwa mdomo. Gereji iwe na sakafu tambarare, jambo lisilo dogo katika mji uliojengwa juu ya mawe na miteremko. Iwe na mbao za shabaha, yaani mabango yenye michoro ambayo kamera hulengwa nayo, za aina ya gari lako, mashine yenye programu ya toleo linalolifahamu gari hilo, na iwe tayari kukupa karatasi ya matokeo kabla na baada ya kazi. Fundi akisema kwamba itajipanga yenyewe barabarani, mwulize ni kwa mwendo gani na kwenye barabara yenye mistari gani. Yapo magari yanayojipanga hivyo kweli, na fundi anayeyajua atajibu bila kusitasita. Mwenye bima kubwa asome kipengele cha vioo na aombe kwa maandishi kama gharama ya kupanga kamera imo, maana kioo na kalibresheni yake ni ankara mbili.

Marejesho ya kiwandani, yaani wito wa mtengenezaji wa kurudisha magari yenye kasoro yarekebishwe, hayatakufuata Mwanza. Gari la soko la Japani lina namba fupi ya chesisi, si ile ya tarakimu 17, kwa hiyo tovuti za ukaguzi za Marekani na Ulaya zitaikataa. Ingiza namba hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji ya Kijapani, usome kama kuna programu ya breki au kamera iliyopaswa kubadilishwa, na uifanye kuwa sehemu ya mazungumzo ya bei. Siku utakapoliuza wewe, futa simu zilizounganishwa, hamisha akaunti ya kifaa cha kufuatilia kwa jina la mnunuzi mbele yake, na umkabidhi funguo zote pamoja na karatasi za kalibresheni na picha za lebo za sensa.